Pima kilichobaki: jinsi ya kunakili mapishi ya wazee wetu

Usimuulize mzee, "Hii huwa unaipikaje?" Atakujibu, "Si unaweka tu chumvi, unakoroga, inaiva." Hajakuficha kitu. Mkono wake ndio unaojua, na mkono hauhojiwi kwa maneno.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa Kisumu. Kazi yangu ni kupima na kuandika namba, na nilipoamua kunakili mapishi ya ukoo wetu nilienda na tabia hiyo hiyo mpaka jikoni kwa senge, yaani shangazi yangu, huko Khayega, Kakamega. Aliponiona naingia na mizani alicheka mpaka akatafuta kiti. Kwake yeye mwanamume hukaa sebuleni akangoja kuitwa. Lakini nimerithi jina la babake, hata leo ananiita Baba, na Baba hafukuzwi jikoni.

Nitaeleza namna ninavyofanya, na mfano wangu mkuu utakuwa kunde na mrenda wa musherekha, yale maji ya majivu. Ni mboga ya kawaida kabisa Magharibi mwa Kenya, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kujisumbua kuiandika.

Mizani kwanza

Watu wengi huanza kwa kumpa mzee kijiko cha kupimia. Ukifanya hivyo umemvuruga. Ataanza kupika kama mtahiniwa mbele ya msimamizi, na utakachoandika si chakula chake. Mwache atumie kiganja, kikombe chake chenye mpini uliovunjika, ncha za vidole, chochote alichozoea. Wewe pima kabla hajaanza na upime tena akimaliza.

Kwa mfano chumvi. Kabla senge hajaingia jikoni naweka bakuli lake la chumvi kwenye mizani: gramu 312. Anapika, anachota mara mbili, anaonja, anaongeza kidogo akiwa ananisimulia habari za jirani. Tukishaepua, napima bakuli tena: gramu 304. Basi ametumia gramu 8, na yeye hakujua kama alikuwa anapimwa. Unga ni vivyo hivyo, mafuta vivyo hivyo. Kwa kitu cha majimaji, bandika utepe kwenye chupa, chora mstari pale kilipo, kisha chora mwingine baadaye. Mizani ndogo ya jikoni ya betri, inayosoma gramu moja moja, inatosha. Usilete ya kupimia mahindi.

Vyombo vyake pia vipime, kwa sababu mapishi ya zamani yamejaa vipimo vya mkebe. Gorogoro ya mahindi ni kama kilo 2, lakini sote tunajua mikebe ya sokoni inavyobonyezwa kitako. Chukua mkebe wake mwenyewe, ujaze maji, upime: gramu moja ya maji ni mililita moja, kwa hiyo hesabu imekwisha hapo. Akikwambia "majani ya senti kumi", usijaribu kubadilisha senti ziwe shilingi za leo. Mwambie akuonyeshe kwa mikono miwili fungu lilikuwa kubwa kiasi gani, kisha jaza mikono hiyo majani na uyapime.

Muda andika kwa njia mbili: dakika kwa saa ya simu, na kile kinachoonekana ndani ya chungu. "Dakika 12" peke yake haimsaidii mtu anayetumia gesi wakati mzee alitumia kuni. "Dakika 12, mpaka povu lishuke lenyewe na mboga iache kupanda" inamsaidia. Kama una ndugu Mombasa, mkumbushe kwamba Kakamega iko takriban mita 1,500 juu ya bahari na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ya kwake huchemka kwenye 100. Nyoyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, iliyochukua saa tatu huku kwetu itamwivia mapema kule.

Musherekha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vitabu vingi vya mapishi vinapoandika "magadi kidogo" na kupita.

Ukishapura maharagwe, yale maganda makavu usiyatupe. Senge huyachomea juu ya bati safi mpaka yawe majivu ya kijivu kinachokaribia weupe. Meusi bado ni mkaa, na mkaa hautoi kitu. Majivu yakipoa anayatia kwenye mkebe wa mafuta uliotobolewa matundu madogo ya msumari kitakoni, ndani ametandika nyasi kavu ili yasipite. Anamwagia maji kidogo kidogo, kwa kiganja. Ukimwaga kwa pupa maji yatatoboa njia moja katikati na kutoka meupe, bila nguvu. Yakipita polepole, chini hudondoka maji ya rangi ya chai ya rangi.

Kipimo chake cha nguvu ni vidole viwili. Anayasugua, na yakiteleza kama yana sabuni, yameiva. Kisha anagusisha ncha ya ulimi. Lazima yachome kidogo. Mimi nilitoa mfukoni karatasi ya litimasi nyekundu, nikaichovya, ikageuka buluu pale pale. Akaitazama, akasema, "Sasa hiyo imekwambia nini ambacho mimi sijakwambia?" Nikaandika kipimo cha vidole.

Kuna jambo lingine la maabara linaloeleza tabia yake. Hapiki mboga hii kwenye sufuria, ni chungu tu, na wakwe zake vijana humwona mkaidi. Maji ya majivu ni alikali, kinyume cha asidi, ndiyo maana yaligeuza ile karatasi, na alikali hula alumini. Ndiyo maana sufuria huingia weusi. Hifadhi musherekha kwenye chupa ya kioo au plastiki.

Andika na tahadhari. Majivu ya mimea yana potasiamu kwa wingi, na magadi yana sodiamu. Mzee mwenye figo dhaifu asirudishiwe mboga ya musherekha kwa sababu tu ya kumbukumbu tamu, mpaka daktari wake akubali. Mwenye presha naye aangalie magadi. Na kwa sababu alikali huharibu vitamini C, weka ile inayotosha kulainisha majani tu.

Maswali ya kuuliza chungu kikiwa motoni

Fanya kazi hii asubuhi, mzee akiwa na nguvu, na ifanyike jikoni. Harufu ina njia fupi. Neva za pua huingia moja kwa moja kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu, ilhali yanachoona macho na kusikia masikio hupitia kituo kingine kwanza. Nimemuuliza senge sebuleni kuhusu mama mkwe wake nikapata sentensi moja. Kunde zilipoanza kuchemka nilipata habari za asubuhi nzima, bila kuuliza.

Wazee wengi hukumbuka kwa uwazi zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 hivi. Kwa hiyo lenga majiko mawili: la mama yake, na la mama mkwe. Hili la pili watu hulisahau, na ndilo lenye utajiri. Msichana alifika kwa wakwe akidhani anajua kupika, akafundishwa upya. Senge alikuta kwao mrenda unatiwa kabla ya kunde. Huku alikoolewa ukatiwa baadaye. Alibadilisha siku ile ile na hajarudi nyuma. Lakini aliponipikia ule wa mamake, kwa kuwa nilimwomba, alionja akanyamaza, akala sahani mbili. Sasa kwenye daftari langu ziko kurasa mbili za mboga moja, na sitaziunganisha.

Tarehe usimuulize kwa namba. Tumia vigingi ambavyo kila mtu wa huku anavijua. Ilikuwa kabla ya mafuriko ya Uhuru, ya 1961, au baada? Watoto walikuwa wameanza kupewa maziwa ya Nyayo shuleni? Hiyo ni 1979 kuendelea. Ilikuwa njaa ya mahindi ya njano? Hiyo ni 1984. Mwaka huo mvua ziligoma, serikali ikaagiza mahindi ya njano kutoka nje, na mpaka leo senge hagusi ugali wenye rangi hiyo hata umwambie ni mtamu vipi. Chakula cha njaa nacho kiandike. Kama hataki kukipika, andika tu aliyosema.

Vigingi hivi pia vitakuokoa na hadithi zisizowezekana. Mtu akikwambia mbuta wa kukaanga ni mapishi ya babu wa babu yake, tabasamu. Mbuta aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na alijaa kwelikweli miaka ya 1980. Babu wa babu alikula ngege, au kamongo. Usimwaibishe; muulize tu, "Na kabla ya mbuta mlipika samaki gani?" Hapo ndipo mapishi yenyewe yalipo.

Swali lingine ambalo halikosi jibu: nani alikula nini? Muulize mama wa Kiluhya wa umri wa senge kuhusu kuku. Zamani wanawake hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai, na firigisi, ile imondo, mpaka leo ni ya mwenye nyumba, usiiguse. Senge alimpika kuku miaka mingi kwa mkono mzuri kabla hajamla hadharani. Nilimuuliza alijuaje kama chumvi imetosha. Akanyoosha mkono wa kushoto, akakunja kiganja, akaonyesha anavyodondoshea tone la mchuzi nyuma ya mlango na kulilamba. "Mchuzi si kuku, Baba." Kisha akaniambia mengine ambayo hajayaruhusu yaandikwe, na hayako hapa.

Ukitaka kurekodi, omba ruhusa kabla ya kuwasha simu. Elekeza kamera kwenye mikono na chungu. Na usitume kwenye grupu la ukoo kabla hajaona.

Chumvi ya leo si chumvi ya zamani

Hili huwaponyoka hata watu makini. Umri ukisonga, pua na ulimi hupungua ukali, na mzee huongeza chumvi bila kujua ili apate ladha anayoikumbuka. Zile gramu 8 nilizopima ni za leo, mikono ya zaidi ya miaka 80. Huenda miaka ya sabini zilikuwa 5. Kwa hiyo mwalike mtu aliyekula chakula hicho akiwa mtoto, mdogo wake au mwanawe mkubwa, aonje na aseme. Andika namba zote mbili, na kwenye chungu cha wazee anza na ile ndogo.

Kama kumbukumbu zimeanza kuteleza

Mzee anayesahau jina lako anaweza bado kuchambua kunde bila kuacha bua hata moja, kwa sababu ujuzi wa mikono hukawia kuondoka. Mpe kazi iliyo salama: kuchambua majani, kumenya njugu, kupepeta wimbi. Kisu, moto na musherekha viwe kwako.

Usimwulize, "Unakumbuka?" Hilo ni swali la kumshinda mtu. Weka mafungu mawili ya majani mbele yake, dogo na kubwa, uulize lipi. Ataligusa moja. Akisema mama yake yuko nje anachota maji, usimsahihishe. Muulize mama huyo anapenda mboga iwe nzito au nyepesi. Jibu litakuwa sahihi. Na akianza kulia, acha daftari. Funika chungu, kaa naye.

Kuna wengine ambao hawajasahau chochote ila wanaona aibu. Walisoma enzi ambazo saga na mrenda vilikuwa chakula cha maskini, kabichi na sukuma wiki vikawa vya watu walioendelea. Huyo mwambie kwamba Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia amejenga jina lake kwa utafiti wa mboga hizi hizi, na kwamba Desemba 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kwenye orodha yake ya mifano bora. Nilipomsomea senge habari hiyo aliuliza kama hao wa UNESCO wanajua kuchuja musherekha.

Jaribu kwa mkono wa mwingine

Ukishaandika, usipike wewe, kwa sababu wewe uliona. Mpe karatasi mtu ambaye hakuwepo. Binti yangu yuko Nakuru. Nilimtumia ukurasa na chupa ya musherekha kwa matatu, nikakaa na simu. Kila alipopiga kuuliza, pale palikuwa na pengo. "Mrenda nakata au naacha mzima?" Sikuandika. "Nifunike?" Sikuandika, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu anayefunika mrenda, unafura na kuzima moto. Mambo yanayojulikana na wote ndiyo hukosa kuandikwa.

Kisha mpelekee mzee kilichopikwa. Usimuulize kama ni kizuri, atakusifu kwa adabu. Muulize, "Aliyepika hapa amekosea wapi?" Wanawake wa kwetu wakipewa ruhusa ya kukosoa hawabakizi. Senge aliinua mboga kwa ugali, akaitazama inavyovutika, akasema majani yalikatwa kabla ya kuoshwa. Ilikuwa kweli. Hatua hiyo haikuwa imetajwa hata mara moja siku zote nilizokaa jikoni kwake.

Huu hapa ukurasa wenyewe ulivyo sasa. Tumia mpangilio huu kama ukiupenda.

Kunde na mrenda wa musherekha, kwa jinsi ya mama mkwe wa senge, Khayega. Senge aliufundishwa mwaka alioolewa, mvua za Uhuru zikinyesha. Hupikwa zaidi mvua za Aprili zikikolea, kunde zikiwa changa. Unatosha watu watano au sita.

Majani ya kunde yaliyochambuliwa, gramu 400. Soko la Kibuye, Kisumu, ulizia boo, ndilo jina lake kwa Kijaluo. Majani ya mrenda, gramu 200. Maji, mililita 600. Musherekha, mililita 70, vijiko vikubwa vitano hivi. Kama ni mepesi kwenye vidole, ongeza vijiko viwili. Chumvi, gramu 8 kwa sasa, 5 kwa jinsi mdogo wake anavyokumbuka.

Chambua majani, toa mabua magumu. Osha kwanza, maji mawili, ndipo ukate kunde. Mrenda acha ulivyo. Chemsha maji kwenye chungu pamoja na musherekha mpaka yatokote. Tia kunde, koroga, usifunike. Zitageuka kijani kilichokolea. Baada ya dakika 10 bonyeza jani kwa kidole. Likikatika bila kuvuta, tia mrenda. Utapanda kwa povu. Punguza kuni na ukoroge kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, dakika 12, mpaka povu lishuke lenyewe. Chumvi mwisho. Ikivutika kutoka kwenye mwiko bila kukatika kama maji, epua.

Huliwa na ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo. Hakuna nyanya wala kitunguu. Anayetaka aandike ukurasa wake.

Asiye na musherekha: magadi ya unga, robo ya kijiko cha chai, lakini ladha itakuwa nyingine.

Wanaoujua vilevile: mdogo wake senge, na mke wa kitinda mimba wake. Ukikwama piga kwa huyo wa pili, wa kwanza hapokei simu akiwa shambani.